Msichana wa Mbao Kwenye Kiti cha Nyuma

Torino, 14 Novemba 1954

Fina mwanangu,

Barua yako imefika pamoja na ile bahasha ndogo ya zafarani. Bi Quaglia, mwenye nyumba wangu, aliinusa kabla hajanikabidhi, kisha akaniuliza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake kama najua kupika. Nikamwambia sijui. Basi Jumapili tulikula wali wa manjano mezani kwake, mimi na wapangaji wenzangu, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa sikupewa kile kiti kinachoyumba. Mwambie Bibi yako kwamba maua yake yamenipandisha cheo.

Najua bado una kinyongo cha Agosti. Kiwanda kilifungwa kama kila mwaka, watu wakapanda treni kwenda makwao, na sisi wachache wa chumba cha michoro tukaambiwa tubaki. Sikuweza kukueleza sababu. Hata leo siruhusiwi, lakini nahitaji msaada wako, na siwezi kuomba msaada nikiwa nimefumba mdomo. Usimwambie mtu, hata padri.

Tunatengeneza gari. Ni dogo, Fina, dogo kiasi kwamba Pinot seremala anasema tutaliuza kwa kulifunga kwenye karatasi. Ni la yule mtu unayemwona kila mahali siku hizi akiendesha skuta, mkewe nyuma, mtoto amebanwa kati ya magoti, na mvua ikinyesha wanaloa wote watatu. Nataka huyo mtu apate paa.

Shida ni paa lenyewe. Injini iko nyuma, na paa linateremka kuifuata. Mhandisi Ravizza, mkubwa wetu, anataka literemke zaidi, kwa sababu bati likipungua uzito unapungua. Anasema hili ni gari la watu wawili na begi lao. Mimi, nawe unajua sipendi kusema mbele ya watu, nilisimama nikasema kwamba watu wawili wakishapata gari watapata na mtoto. Wakacheka. Ravizza hakucheka. Akaniambia, "Di Iorio, nioneshe huyo mtoto amekaa, nami nitakuachia kiti chako cha nyuma."

Kwa hiyo Pinot atachonga mtoto wa mbao, na nimemwambia atachonga wewe. Nitumie vipimo: kutoka kitini hadi utosini, kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi unyayo. Bibi atumie utepe wake wa kushonea.

Kiti hiki kikipita, nitaandikwa kazi ya kudumu, na mwenye kazi ya kudumu hupewa nyumba ya kiwanda. Vyumba viwili na jiko. Chumba kimoja ni chako, kina dirisha, na shule ipo barabara ya pili.

Baba yako,
Panfilo

*

Roccapinta, 22 Novemba 1954

Baba mpendwa,

Sikuwa na kinyongo. Nilihuzunika tu, na hivyo ni vitu viwili, ingawa Bibi anasema usoni kwangu vinafanana.

Sijamwambia mtu. Nimefikiria sana habari ya yule mwenye skuta. Juzi nilimwona mmoja Sulmona nikisubiri basi la kurudi kutoka shuleni. Mkewe alikuwa amebeba keki ya siku ya kuzaliwa juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto alikuwa ameshikilia kofia ya baba yake. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kujishikia. Nadhani uko sawa, na Mhandisi Ravizza hana watoto.

Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya peke yake, ili uweze kumpa Pinot bila kumpa barua.

Shule ni nzuri. Mwalimu Sinibaldi ameniazima kitabu kingine. Nakisoma kwenye basi, kwa sababu nikisoma hakuna anayenisemesha.

Chumba chenye dirisha kitanifaa sana. Lakini hata kisichokuwa na dirisha kitanifaa.

Binti yako,
Serafina

*

Roccapinta, 23 Novemba 1954

Mpenzi Colomba,

Nimefanya jambo, na wewe ndiye mtu pekee aliye mbali vya kutosha kuambiwa.

Unakumbuka mwimo wa mlango wa jikoni kwetu? Kila Agosti baba anapofika, kabla hata hajatua sanduku, hunisimamisha pale na kuchora kwa penseli yake ya kazi. Wengine huchorewa alama moja ya kichwa. Yeye kwa kuwa ni mchoraji huweka nne: kichwa, bega, nyonga, goti, halafu anaandika mwaka. Alama za mwisho ni za mwaka jana, kwa sababu mwaka huu hakuja.

Sasa ameniomba vipimo vyangu vya mwili kwa ajili ya kazi yake, kazi ya siri, usiniulize. Kuna mahali ambapo mtoto anatakiwa kuenea, na mahali penyewe ni pafinyu. Akienea, baba anapata nyumba nami nakwenda kuishi naye. Nilichukua utepe wa Bibi, Colomba, na badala ya kujipima mimi nikaupima mlango.

Hujaniona tangu muhamie Ubelgiji. Nimerefuka shibri nzima. Mwalimu amenihamishia benchi la mwisho kwa sababu wa nyuma yangu hawaoni ubao. Bibi ameshusha pindo la sketi mpaka pindo limekwisha, akaunga kipande cha kitambaa cha rangi nyingine. Nikipita mbele ya kanisa wanaume wanaacha kucheza karata na kuniuliza hali ya hewa huko juu.

Usiseme ningemwambia. Akiandika neno mtoto, najua anamwona yule wa mlangoni. Nikimwambia nimekua, ni sawa na kumwambia amechelewa.

Rafiki yako,
Fina

*

Charleroi, 12 Desemba 1954

Fina, wewe nguzo ya umeme,

Umesoma vitabu vyote vya Sinibaldi, na hukukutana hata na mjinga mmoja aliyefanya ulilofanya ili uone lilivyomwishia?

Nakupenda, kwa hiyo nitasema mara moja tu. Mwambie. Baba yako ni mtu wa kupima, si padri. Hatakulaani, atafuta na kuchora upya. Kama huwezi kumwambia, basi anza mazoezi ya kutembea kwa magoti, maana siku moja atakuja huko na macho yake anayo.

Huku mvua hainyeshi, inakaa tu. Baba yangu anatoka chini ya ardhi, mgodini, akiwa ameinama, na Jumapili nzima hupita kabla mgongo haujanyooka. Mama anamwambia, Gennaro, umeshafika nyumbani, simama. Nakuandikia hili kwa makusudi. Anayelipwa kuinama ni yeye. Wewe unainama bure.

Nitumie ferratelle za Bibi yako, zile keki nyembamba. Za huku wanaweka chachu, zinavimba kama godoro.

Colomba

*

Torino, 9 Januari 1955

Fina mwanangu,

Mwambie Bibi yako asinisubiri tena mlangoni kila basi linapopita. Nilikaa stesheni ya Bologna siku mbili za Krismasi nikisikia kwamba theluji imeziba reli huko milimani, kisha nikageuza. Viatu vya buluu nilivyokuwa nikileta nimevituma kwa posta. Ni saizi ileile.

Sasa sikiliza. Umekaa. Pinot amechonga kwa mti wa mlozi, na kwa kuwa hawezi kuacha kitu kilivyo, amekuchorea mikia miwili ya nywele kwa penseli. Tulikuingiza kwenye gari la mfano, la mbao, mbele ya wote. Kichwa chako kikapita chini ya paa na kubaki nafasi ya vidole viwili. Ravizza alizunguka mara kadhaa, akaingiza mkono, akatoa mkono. Halafu akasema, "Haya. Msichana amekaa."

Wenzangu kila asubuhi wanakuamkia. Habari za asubuhi, Fina, umelalaje? Gepin, dereva wetu wa majaribio, hukuvulia kofia. Mimi nacheka nao, lakini jioni wakishaondoka hukaa kidogo kwenye kiti cha mbele na kuzungumza na wewe bila kugeuka, kama vile ndiyo kwanza tunatoka Sulmona kwenda baharini.

Naomba picha. Pinot anasema pua ameibuni tu.

Baba yako,
Panfilo

*

Roccapinta, 6 Februari 1955

Baba mpendwa,

Viatu ni vizuri sana. Havijaniumiza hata kidogo.

Nafurahi kwamba nimekaa. Nimesoma barua yako mara nyingi, hasa mahali unapozungumza nami bila kugeuka. Kama yule wa mbao angeweza kujibu, angesema kwamba kutoka nyuma anaona kola yako imeanza kuchakaa, na kwamba Bi Quaglia angeweza kuigeuza kama angeombwa vizuri.

Habari ya picha: mpiga picha wa Sulmona ana mafua, na akipona inakuja Kwaresima, na sidhani ni vyema kupiga picha wakati wa Kwaresima.

Bibi amekaa hapa kando yangu na anataka niandike maneno yake kama yalivyo. Anasema: Mkwe wangu Panfilo, sisi ni wazima, theluji imefika dirishani, kuku wawili wameganda. Mtoto wako anakula vizuri, anasoma mpaka taa inalilia mafuta, na kuhusu nguo zake

Sehemu iliyobaki ni salamu tu.

Binti yako,
Serafina

*

Torino, 20 Machi 1955

Fina mwanangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Nakuja.

Tumepata gari la kweli, la chuma, moja tu, limevikwa matambara na kupakwa rangi ya matope ili asilitambue mtu. Linatakiwa lipandishwe milima mpaka ijulikane injini inachemka wapi. Gepin alitaka milima ya Ufaransa. Nikamwambia kama anatafuta mlima wa kuchemsha injini, na akili ya dereva vilevile, mimi nimezaliwa juu yake. Amekubali, ila nikae kando yake na kuandika namba.

Nyuma hupanga mifuko ya mchanga badala ya abiria. Mifuko hiyo imesafiri kuliko mimi, na haijawahi kulalamika. Tukifika Roccapinta, Jumamosi ya tarehe pili Aprili, tutaishusha kwa Bibi yako, nawe utakaa mahali pake hadi Sulmona na kurudi. Utakuwa mtoto wa kwanza duniani kukaa hapo mwenye damu ndani yake.

Tunakuja kwa wakati mzuri. Mwisho wa Aprili wanachonga vyuma vya kukandamizia bati, na vikishachongwa, paa limekuwa paa. Hata Ravizza mwenyewe hawezi kulisogeza tena.

Vaa viatu vya buluu.

Baba yako,
Panfilo

*

Roccapinta, 27 Machi 1955

Colomba,

Anakuja Jumamosi, na gari. Ndiyo, ni gari, sasa unajua, imeze barua hii.

Viatu vya buluu alivivaa Lucietta wa jirani siku ya kipaimara, na sasa hata yeye vinambana. Nimejaribu kukaa chini ya meza ya jikoni, kwa kuwa nadhani urefu ni huohuo. Nikiteleza mbele na kukunja shingo upande, naenea. Bibi aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasoma. Akasema kwa nyumba yetu hilo halimshangazi tena.

Ni Jumamosi moja tu. Wakishachonga vyuma, yote yatakuwa yamekwisha, na nitamwambia nilirefuka Mei.

Fina

*

Bologna, 4 Aprili 1955

Fina,

Gepin amelala, mimi siwezi.

Tulipoingia uwanjani kwenu, watu walilizunguka gari kama nyuki. Niliteremka na kutafuta mikia miwili ya nywele. Kando ya kisima alisimama msichana mrefu, ameshika kitabu kifuani kama ngao. Nikamwendea. Nikasema, "Samahani, binti, umemwona Fina, mjukuu wa Concezia?"

Akaniangalia, akasema, "Ni mimi, Baba."

Tangu hapo sijui nilisema nini. Najua nilikubusu, na kwamba ilinibidi ninyanyue kidevu ili nikubusu. Najua Bibi yako aliipokea mifuko ya mchanga kama wageni na kuuliza kama italala. Halafu ukaingia nyuma kabla hatujakuambia uingie, upesi sana, na Gepin akawasha.

Kioo kile kidogo cha dereva, Fina, nilikiweka mimi. Nilichora mahali pake ili baba aweze kumwona mtoto aliyeko nyuma. Njia nzima nilikuona. Ulikuwa umekunja shingo, sikio limegusa bega, kama kuku aliyefunikwa kwa kikapu. Kila shimo barabarani paa lilikugonga. Gepin alikuuliza, ukamjibu umekaa vizuri sana, asante. Mimi nikaandika namba za joto la injini. Nilizifuata namba hizo kana kwamba mtu angekufa nikizikosa.

Sikusema neno, wala wewe hukusema. Ukashuka ukatabasamu.

Nakuandikia kutoka njiani kwa sababu nikifika Torino nitaanza kujifikiria kuwa nina kazi nyingi.

Baba

*

Roccapinta, Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili 1955

Baba mpendwa,

Nilidhani ulinyamaza kwa hasira. Ulipoagana nasi uliangalia viatu vyangu, na nikajua umejua kuhusu vya buluu.

Vipimo vile ni vya mlangoni. Nilichukua alama zako za mwisho. Vipimo vyenyewe ni sahihi, Baba. Kilichodanganya ni mwaka. Niliogopa kwamba nikikwambia urefu wangu paa litanikataa, na Mhandisi Ravizza atapata gari lake la watu wawili na begi, nawe utabaki kwa Bi Quaglia mpaka nizeeke.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Usimwambie Ravizza. Vyuma havijachongwa, acha wavichonge. Mimi naweza kuinama. Nimezoea, huinama kwenye basi, huinama shuleni ili wa nyuma waone. Na gari ni la Jumapili tu. Shingo yangu ni imara.

Jana tulishuka Sulmona kumwona Madonna, ile sanamu ya Bikira Maria, akikimbia kama kila Pasaka. Nilisimama nyuma ya umati, kwa urefu wangu hakuna shida. Unajua jinsi anavyotoka amefunikwa nguo nyeusi na hasadiki kwamba mwanawe amefufuka, wanamtembeza polepole, polepole, na ghafla wale wabebaji wanaanza kukimbia naye, nguo nyeusi inaanguka, njiwa wanaruka, kwa sababu amemwona mwanawe upande wa pili wa uwanja na amemtambua. Watu walilia kama kila mwaka. Bibi aliniambia sikioni, "Huyu alimtambua kwa mbali. Ila huyu hakuwa na kazi Torino."

Alikuwa anakutetea, Baba. Anakupenda. Anasema mifuko ya mchanga imlipie malazi.

Binti yako,
Fina

*

Torino, 17 Aprili 1955

Fina mwanangu,

Nimemwambia Ravizza.

Najua uliniomba nisimwambie. Ni ombi la kwanza unaloniomba tangu ulipotaka kamusi, na nimelikataa. Nivumilie mpaka mwisho wa karatasi.

Karatasi yako ya vipimo ilipofika Novemba, nilizitambua zile namba. Ni mwandiko wako, lakini namba zangu. Nilizichora mwenyewe Agosti ile, huku umesimama kwa ncha za vidole ili uongezeke, nami nikakushusha. Mtu ambaye analipwa kwa kupima alizisoma akajiambia, vizuri, hajakua sana. Nilitaka usiwe umekua. Kila nilipokaa kwenye gari lile la mbao jioni, nilikuwa na mtoto ambaye ananisubiri mahali nilipomwacha. Kwa hiyo usijibebeshe uongo huu peke yako. Wewe ulipima mlango, mimi niliupokea mlango.

Sasa Ravizza. Nilimwambia mbele ya wote, kwa kuwa ndivyo nilivyomshinda mara ya kwanza. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema, "Binti yako atakua tena mwakani, Di Iorio. Tutakuwa tunainua paa kila Krismasi?"

Wakacheka, hata Pinot, simlaumu. Nilingoja wamalize. Nikamwambia gari hili mtu atalinunua mara moja tu maishani, na mtoto atakayeingia nyuma akiwa na miaka mitano atakuwa humohumo akiwa na kumi na mitano. Nikasema mifuko ya mchanga ni abiria wazuri lakini haina shingo.

Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Ama namwonesha mtu mzima amekaa nyuma bila gari kuongezeka uzito, ama kiti kinatolewa na kuwekwa rafu ya begi. Nikishindwa sijui nitakuwa katika chumba gani cha kiwanda hiki, wala kama nitakuwemo. Kuhusu nyumba, sitaki kukuahidi tena dirisha ambalo sina.

Nahitaji vipimo. Safari hii si vyako vya leo, maana Ravizza hakukosea, kesho utakuwa umevipita. Muulize Bibi utaishia wapi.

Baba yako,
Panfilo

*

Roccapinta, 23 Aprili 1955

Baba mpendwa,

Nilipokusoma mpaka mwisho nilitoka nje nikatembea hadi mashamba ya zafarani. Msimu huu hakuna maua, ni majani tu. Nilirudi nikiwa nimenyooka. Sijui kama inaonekana kwenye mwandiko.

Nilimuuliza Bibi nitaishia wapi. Alifungua kasha la chini ya kitanda chake, lile ambalo sijawahi kuruhusiwa kuligusa, akatoa gauni la harusi la marehemu Mama.

Baba, nilikataa. Nilisema litachanika. Bibi akasema halikushonwa ili lilale. Likaingia. Mikono ni mirefu kidogo, na mabega yangu bado hayajafika, lakini pindo linagusa sakafu mahali panapotakiwa. Bibi akarudi nyuma mpaka kwenye jiko, akaniangalia sana, akaniambia nisimame mlangoni. Akachukua mkaa na kuweka alama nne kama unavyoweka wewe, ila ameziweka juu zaidi yangu, kwa kufuata gauni. Hakuandika mwaka kwa kuwa hajui kuandika, nami nimeuacha wazi.

Vipimo viko kwenye karatasi ya peke yake. Ni vya Mama.

Bibi anasema niandike hivi, na safari hii naandika yote: "Mkwe wangu, mwanangu alikuwa mrefu kukupita wewe. Siku ya harusi alivaa viatu bapa chini ya gauni hili ili usiaibike mbele ya ndugu zako, na mimi nilimwambia ni upumbavu, naye akasema ni siku moja tu. Msichana huyu naye nimemkuta chini ya meza. Mkeo hakupata kupanda gari lako. Mpe nafasi yake."

Kisha Bibi akasema niongeze kwamba sketi zangu hazina tena mahali pa kushushwa, na utume kitambaa, si viatu.

Binti yako,
Fina

*

Charleroi, 30 Aprili 1955

Fina,

Barua yako ndefu nimeisoma, nimelia, nimecheka, mama kaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, mtu kasimama.

Hilo gari likitoka nataka kulipanda. Mimi ni mfupi, nitakaa katikati.

Colomba

*

Torino, 8 Mei 1955

Fina mwanangu,

Viatu bapa nilivijua siku ileile. Tulipokuwa tukipanda ngazi za kanisa, gauni lilinyanyuka nikaviona. Sikumwambia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba kwenye picha tunalingana. Miaka yote ile sikumwambia avue.

Basi nilikwenda kwa Pinot na karatasi yako, nikamwambia achonge mwanamke. Aliuliza nani. Nikamwambia. Hakufanya mzaha wowote, wala hakumchorea nywele.

Tulifanya hivi. Zile springi za kiti cha nyuma tumezitoa, tumetandika turubai kwa mikanda ya mpira, na kiti kimeshuka. Viti vya mbele tumevibonyeza mgongoni ili magoti yapate mahali. Springi zilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na kwa uzito tuliouokoa tukaruhusiwa kuinua paa vidole viwili. Vidole viwili tu, lakini Ravizza alivitoa kama vile namng'oa mbavu.

Siku ya kuonesha tulimkalisha mama yako nyuma. Alienea, amenyooka, na juu yake mkono ulipita. Ravizza aliangalia kwa muda. Kisha akamwomba Pinot amtoe, akavua koti, akaingia yeye. Unajua ni mtu mrefu. Akafunga mlango, akakaa humo peke yake, hatukujua kama tuondoke au tungoje. Alipotoka alikuwa akitafuta koti lake ingawa nilikuwa nimemshikia mbele ya macho yake. Akasema, "Mama yangu angeweza kukaa hapa."

Vyuma vimeanza kuchongwa Jumatatu.

Kitambaa kimetumwa. Bi Quaglia alichagua rangi, na ameigeuza kola yangu.

Baba yako,
Panfilo

*

Torino, 24 Julai 1955

Fina mwanangu,

Funguo nimepewa jana. Vyumba viwili na jiko. Dirisha lako linaangalia ukuta wa bohari, lakini juu ya ukuta kuna mbingu, na kwa urefu wako utaiona. Pinot anakutengenezea rafu ya vitabu. Ameniuliza umbali wa kutoka rafu hadi rafu, nikamwambia sitatoa kipimo chochote kabla wewe mwenyewe hujafika.

Bibi yako aambiwe kwamba mahali pake pameshafikiriwa, wakati wowote atakaochoka na theluji. Najua atasema kamwe. Mwambie nimeuliza tu.

Gari litaanza kuuzwa mwakani. Sisi hatutalipata mapema, Agosti hii nakuja kwa treni kama watu wengine, kisha tutaondoka wote wawili kwa treni, umekaa karibu na dirisha na mimi mkabala wako.

Yule msichana wa kwanza wa mbao, mwenye mikia miwili, walitaka kumtupa ndani ya jiko la moto la karakana. Nimemchukua. Amekaa sasa kwenye kiti kinachoyumba kwa Bi Quaglia, na nitamhamisha pamoja na masanduku yangu. Huyo nitakaa naye. Wewe endelea kukua.

Nitafika Sulmona Jumamosi ya kwanza ya mwezi, treni ya asubuhi. Usije na kitabu kifuani. Simama tu hapo kwenye jukwaa la stesheni, unyooke. Safari hii sitamuuliza mtu.

Baba yako,
Panfilo